Ishirini na Nne Haiingii Ishirini na Moja

Metroni, mkuu wa wauguzi, aliweka vitabu viwili juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, kimoja kikuukuu na kimoja kipya, halafu akalaza kalamu katikati yake, imenyooka kabisa, kama mtu anayepanga vyombo vya upasuaji. Ilikuwa Jumatatu, chai ya saa nne haijapoa. Kile kikuukuu nilikijua kuliko ninavyoijua Biblia yangu. Kilikuwa rejista ya thieta, chumba cha upasuaji, na mwandiko uliojaa ndani yake ni wangu.

"Wairimu, wewe una mwandiko safi," alisema. "Huu ukurasa umechafuka. Ninakilie kwa hiki kipya."

"Wote?"

"Wote. Ila hapa," kidole chake kikashuka hadi mstari wa tatu, "kwenye ishirini na moja, andika ishirini na sita."

Niliutazama huo mstari. Ulikuwa wa Mama Zuhura, muuza viazi wa Kiuu, mwanamke wa rika langu ambaye wiki hiyo hakuweza kupanda ngazi tatu bila kukaa chini.

"Metroni, tundu la moyo wake lilikuwa ishirini na moja. Nilisomewa mimi, nikaandika mimi."

"Nani amekuuliza?"

"Na vali aliyowekewa ilikuwa ishirini na nne."

"Hiyo iache hivyo hivyo. Hiyo haina shida."

Nilicheka. Ati haina shida! Fundi amekosea kukata koti la mtu, halafu badala ya kurekebisha koti anafungua daftari na kubadilisha kipimo cha kifua cha mteja.

"Unacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu nikilia mtasema nina mimba."

Aliinua uso. Miaka sita sikuwahi kumjibu hivyo, na nilimheshimu kama mamangu. Lakini uvumilivu ni kama uzi, una urefu wake, na wangu uliishia pale. Nilikifunga kitabu kikuukuu. Nikaichukua ile kalamu, nikairudisha kwenye mfuko wa sare yake, juu ya saa yake ndogo ya kubandika, nikaigonga kidogo ishuke vizuri.

"Andika wewe, Metroni. Mkono wako pia unajua kuandika."

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee. Mtu anastaafu, anapewa saa ya ukutani, anarudi shambani, ndipo anaanza kuwaambia vijana jinsi kazi ilivyofanywa zamani. Mimi nina miaka ishirini na sita na mtoto mgongoni. Kazi yangu imekwisha, basi nimestaafu, na sitangoja mvi ndipo niseme. Msichana wa kidato cha nne atakayeajiriwa kwenye ile meza baada yangu anahitaji kujua leo.

Siku yangu ya kwanza sikuingia thieta. Niliingia chumba cha cherehani, nyuma ya jiko la hospitali, mwanzoni mwa hii miaka ya tisini. Mamangu alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo Thika tangu kabla sijazaliwa, na nyumbani kwetu Makongeni cherehani ndiyo ilikuwa meza, kabati na mwalimu. Nilipomaliza shule alinipeleka mwenyewe kwa hiyo hospitali ya misheni, akamwambia msimamizi wa cherehani, "Huyu anajua kuingiza mkono wa koti." Msimamizi hakuamini. Alinipa koti la daktari lililong'oka bega, akakaa kunitazama.

Kuingiza mkono wa koti ndiyo kazi inayomtofautisha fundi na mtu mwenye cherehani. Kwapa lina mzingo wake, na mkono una mzingo wake. Mkono ukiwa mkubwa kuliko kwapa, kitambaa kinajikusanya, kinafanya marinda mahali pasipotakiwa marinda. Ukiwa mdogo, unavuta, na mwenye koti hawezi kuinua kikombe. Ule uzi wa kwanza unaweza kukudanganya, maana koti likilala mezani linaonekana sawa kabisa. Ngoja mtu alivae, ainue mkono. Hapo ndipo ukweli unatoka.

Msimamizi alilivaa lile koti, akainua mkono, akasema, "Kesho uje saa moja."

Miaka miwili nilishona mashuka ya thieta, yale ya kijani yenye tundu katikati ambapo daktari anapasulia, na gauni za wagonjwa. Halafu timu ya wageni ikaanza kuja mara mbili kwa mwaka kupasua mioyo na kubadilisha vali, ile milango ya damu, na Metroni akatafuta mtu wa kukimbia. Mkimbiaji wa thieta hagusi mgonjwa. Anafungua pakiti za nyuzi, anahesabu vitambaa vya damu, anaandika kwenye rejista kila kipimo kinachotajwa. Metroni alinichagua kwa sababu ya mwandiko. Nitamtendea haki: alinifundisha vizuri. Siku ya kwanza aliniambia, "Humu ndani ukisikia namba, irudie kwa sauti, halafu iandike. Usiandike unachodhani. Andika ulichosikia." Ni yeye aliyesema hayo. Yeye mwenyewe.

Mkuu wa ile timu tulimwita Profesa, mzee mfupi kutoka ng'ambo aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu cha sala, kwa hiyo hata akiomba mkasi ulidhani anahubiri. Aliposikia kwamba mimi ni mshonaji alifurahi kama aliyekutana na ndugu.

"Bibi mshonaji, njoo utazame," aliniita siku moja, vali ikiwa kwenye bakuli la maji ya chumvi mbele yake. "Waona nini?"

"Naona mifuko mitatu, Profesa."

"Amina! Mifuko mitatu. Damu ikipanda, mifuko yalala ukutani. Damu ikitaka kurudi, mifuko yajaa, yakutana katikati, mlango umefungwa. Basi, nani aishika mifuko hiyo isianguke?"

Nilichungulia. Kila mfuko ulishikwa juu kwa pembe mbili, na pembe za mifuko iliyo jirani zilikutana kama nguzo. "Zile nguzo tatu," nikasema. "Zikikaribiana sana, mifuko italegea."

"Na zikiachana sana?"

"Itavuta. Haitakutana katikati."

Aliwageukia madaktari wake akasema kitu kwa lugha yao, na wote wakanitazama.

Hizo vali zilikuwa za watu. Mtu amefariki huko kwao, familia imekubali, moyo unatolewa, vali inakatwa pamoja na kipande cha mshipa mkuu ilimokaa, inagandishwa, inasafirishwa kwa mtungi wa baridi unaotoa moshi mweupe ukifunguliwa. Kila moja ilikuwa na lebo ya ukubwa wake kwa milimita. Na hapa msichana unayenisoma shika sana. Namba ya kwenye lebo ni upana wa ndani, lakini vali ina ukuta, na ukuta una unene. Kwa hiyo Profesa alipima tundu la mgonjwa kwa vijiti vya chuma vyenye vichwa vya mviringo, kimoja baada ya kingine, mpaka apate kinachopita bila kubana wala kucheza, halafu akaagiza vali ya namba pungufu kwa mbili. Tundu ishirini na tatu, vali ishirini na moja. Ni kile kile cha bitana: koti la ndani lazima liwe dogo kuliko la nje.

Tena kulikuwa na njia mbili za kuishona. Ya kwanza, unaichonga vali mpaka ibaki mifuko na nguzo zake, unaiingiza ndani ya mshipa wa mgonjwa mwenyewe, unashona mzunguko wa chini, kisha mzunguko wa juu unaopanda na kushuka kufuata nguzo, ukikwepa matundu mawili yanayolisha moyo damu. Njia hiyo ni nzuri kipimo kikiwa sawa, maana ni mshipa wa mgonjwa utakaozishika zile nguzo. Kipimo kikikosewa, nguzo zinakaa vibaya na mifuko inakunjana. Ya pili, unatoa kile kipande chote cha mshipa wa mgonjwa, unaweka bomba zima la yule aliyefariki, vali ikiwa ndani yake vile Mungu alivyoishona. Yale matundu mawili ya kulisha moyo unayakata na kitambaa chake pembeni, kama vifungo, unayashona upya kwenye bomba jipya. Hiyo ni kazi ndefu, na damu inaweza kuvuja kwenye mishono, lakini nguzo hazisogei. Bomba zima linasamehe kosa la kipimo. Njia ya kwanza haisamehe.

Sheria ya Profesa ilikuwa moja na aliirudia mpaka tukaiota: usiyeyushe kabla ya kupima. Vali ikishatoka kwenye barafu hairudi.

Timu ilipokuwa haipo, na wakati mwingine hata ikiwepo, mkubwa wetu alikuwa Daktari Msimamizi. Mikono yake ilikuwa myepesi, na hakupenda kungoja. Yeye aliona Profesa anapoteza muda. Picha ya moyo iliyopigwa kliniki ilikuwa na kipimo tayari, kwa nini ungoje kifua kifunguliwe ndipo uanze kuyeyusha? Kwa hiyo siku zake tuliyeyusha mapema, mgonjwa akiwa bado anavuliwa viatu. Mara nyingi ilitokea sawa. Mambo mengi mabaya huanza hivyo, kwa kutokea sawa.

Mama Zuhura nilikutana naye wodini nilipompelekea gauni, nikajitambulisha kwa jina la mtoto wangu, mama Ciku. Aliishika, akaigeuza mbele na nyuma.

"Mama Ciku, hii ni nguo ama ni aproni? Nyuma iko wazi!"

"Ndiyo kawaida, mama. Ni ya hospitali."

"Mimi ni Mwislamu na nimezaa. Huku nyuma nimemwonyesha mtu mmoja tu, na huyo hata akatoroka." Wodi nzima ikacheka. "Nishonee kipande hapa, tafadhali. Moyo wapasue, lakini hii duka isifunguliwe."

Nikarudi na sindano, nikamshonea kamba tatu na kipande cha kufunika. Akanieleza kuhusu Zuhura wake, wa miaka minne, mkubwa wa Ciku wangu kwa miaka miwili. Akaniambia jinsi yeye mwenyewe alivyougua koo akiwa shule ya msingi, homa ikapanda, viungo vikavimba, kisha ikasemekana amepona. Haikupona. Ilishuka moyoni ikala vali polepole, na mimba ya Zuhura ndiyo iliyomaliza kuionyesha.

Siku yake alikuwa wa pili kwenye orodha. Wa kwanza alikuwa mwanamume mkubwa wa mwili, dereva wa lori, na vali yake ya ishirini na nne ilikuwa imeyeyushwa alfajiri kwa amri ya Daktari Msimamizi. Saa mbili na nusu muuguzi akaja mbio: yule mwanamume ana homa, usaha kwenye jino, hawezi kupasuliwa leo. Vali ikabaki kwenye bakuli, imeshalainika, hairudi. Profesa alikuwa wodini na mgonjwa wa jana aliyekuwa akivuja damu. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili, na jenereta ilikuwa inakohoa.

"Mleteni wa pili," alisema Daktari Msimamizi. "Hatutupi vali hapa. Kuna mtu alikufa ndiyo tukaipata."

Nasema ukweli wote: maneno hayo yalinigusa. Hata mimi nisingependa itupwe.

Kifua kilipofunguliwa akapima. Kijiti cha ishirini na moja kikapita sawasawa. Cha ishirini na mbili kikakataa.

"Ishirini na moja," akasema.

"Ishirini na moja," nikarudia, nikaandika. Halafu nikasema, "Daktari, ile ya kwenye bakuli ni ishirini na nne."

"Najua kusoma."

"Kwenye mtungi kuna ya kumi na tisa."

"Wairimu, fungua uzi."

"Basi bomba zima, Daktari? Si Profesa husema..."

"Fungua uzi!"

Nikafungua uzi. Hilo nimelibeba mpaka leo na sitalificha humu. Yeye akainua mkono kuomba pakiti, na mimi nikampa. Akashona kwa njia ya kwanza, ndani ya mshipa, haraka, kwa mishono mizuri ya kupendeza. Niliona kwa macho yangu mfuko mmoja ukijikunja kwenye pembe kama mkono wa koti uliolazimishwa. Mashine ya kusukuma damu ilipozimwa na moyo kuanza kupiga wenyewe, daktari wa usingizi akasema, "Inavuja." Daktari Msimamizi akajibu, "Kidogo. Itatulia." Wakati ananyoosha mkono kunionyesha mahali pa kuandika njia iliyotumika, tone la dawa ya kahawia, ile ya kusafishia ngozi, likaanguka kwenye kona ya ukurasa. Likasambaa na kufanya umbo la sikio.

Haikutulia. Miezi minne baadaye nilimkuta Mama Zuhura kliniki amekaa wima kwenye benchi, mishipa ya shingo ikiruka unaiona kutoka mlangoni.

"Mama Ciku, silali," alisema. "Nikilala nazama. Nimekuwa kuku, nalala nimekaa."

Aliingia kwa Daktari Msimamizi, akatoka baada ya dakika tano, hakuna utani tena. "Anasema ni mimi. Ati sichomwi ile sindano ya kila mwezi ya kuzuia homa isirudi moyoni, sili dawa, nabeba magunia."

"Na ni kweli?"

Alinitazama mpaka nikaona haya kuuliza. "Njoo kwangu uone."

Nilienda Jumamosi hiyo, mtoto mgongoni. Chumba chake kiko Kiuu, ndani ya ploti ya mabati, safu ya vyumba vya kupanga karibu na barabara, na meza yake ya viazi iko mlangoni hatua mbili. Magunia alikuwa akibebewa na jirani. Akatoa kadi ya sindano kutoka ndani ya msahafu, mahali anapoweka vitu visivyopotea. Kila mwezi una muhuri. Hakuna mwezi hata mmoja ulioruka, hata ule wa mfungo, hata ule ambao Zuhura alilazwa na surua. Zuhura mwenyewe alikuwa chini anacheza na Ciku wangu, wanapika matope.

"Timu inarudi," nikamwambia. "Profesa anaweza kukurekebishia. Anaweka bomba zima."

"Jina langu lilikuwa kwenye orodha," akasema. "Limekatwa. Wameandika, mgonjwa hafuati masharti. Ati vali ni chache, wape watakaozitunza."

Hapo ndipo nilipoanza kuchemka. Lakini bado nilikuwa mvumilivu, bado niliamini kwamba rejista itasema yenyewe. Kwa sababu barua ya Profesa ilikuwa imefika hospitalini. Alitaka kujua, kwa kila mgonjwa ambaye vali yake inavuja, tundu lilikuwa namba ngapi, vali namba ngapi, na ilishonwa kwa njia gani. Aliomba atumiwe rejista yenyewe. Nilisema moyoni, afadhali. Sasa ataona.

Na jibu la hospitali kwa barua hiyo ndilo lile nililowekewa mezani Jumatatu, kitabu kipya na kalamu.

Baada ya kuirudisha kalamu mfukoni mwa Metroni niliitwa ofisini. Daktari Msimamizi hakuniambia nikae.

"Wewe ni mshonaji," alianza. "Vali unajua nini?"

"Vali sijui. Najua mkono wa koti."

"Usiniletee hadithi za cherehani. Siku ile umeme ulikuwa unapotea. Mgonjwa wa kwanza ana homa. Vali inaharibika. Ungefanya nini wewe?"

"Sijui, Daktari. Pengine hata mimi ningekosea."

Alilegea kidogo. "Sasa, ukijua hivyo..."

"Kukosea nimekubali. Hata nilikupa uzi. Lakini ulipokosea moyo wa mtu, sasa unataka kumkosea na jina? Mwanamke hapumui, na umeandika kwamba ni kichwa chake kigumu. Andika tu ishirini na nne ndani ya ishirini na moja, Profesa aje amtoe hilo rinda. Wewe utapungukiwa na nini?"

"Unajua nitapungukiwa na nini," alisema polepole. Lilikuwa neno pekee la kweli siku hiyo, na nilimwona kwa mara ya kwanza kuwa anaogopa. Halafu akaficha hofu yake chini ya karatasi. "Nakili huo ukurasa, ama rudisha funguo za chumba cha cherehani."

Metroni alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo. Niliziweka funguo kwenye kizingiti cha dirisha mbele yake ili anitazame.

"Ulinifundisha niandike ninachosikia," nikamwambia. "Nimeandika. Kosa langu ni lipi?"

Aligusa ule mfuko wenye kalamu, akaacha.

Mamangu aliponiona nyumbani Makongeni saa sita mchana alijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, Ciku amelala mapajani mwake.

"Umetupa kazi kwa ajili ya mtu wa Kiuu ambaye si hata wa ukoo?"

"Ndiyo, maitũ."

"Haiya." Akamfunika mtoto kwa kanga yake. "Na unasema walishona kubwa ndani ya ndogo, wakitegemea itakaa?"

"Ndiyo."

"Kiwandani fundi wa namna hiyo tulimfungulia mshono mbele ya watu wote." Akamlaza mtoto, akavuta boksi la vipande vya vitambaa. "Lete mkasi. Utaiandikia bodi ya hospitali. Watu wake hawajui vali, lakini kila mmoja wao anavaa koti."

Tulishona mchana kutwa. Mikono mitatu midogo ya kitambaa kimoja cha kijani, kila mkono umeingizwa kwenye tundu lake, na ndani yake mifuko mitatu ya bitana. Tulipomaliza tukamwaga maji kwenye kila mmoja kwa juu, juu ya beseni. Mmoja ulishika maji. Mwingine ulishika maji. Wa tatu ulivuja kwenye pembe, pale pale nilipoona kwa macho. Mamangu aliuinua huo juu ya mwanga wa mlango, akaugeuza, akasema, "Hata mngekuwa na uzi wa dhahabu, ungevuja."

Basi hizo ndizo kumbukumbu zangu, na sina shamba la kurudi kuzitafakari. Ukiingia thieta, msichana wangu, utaambiwa wewe ni mkimbiaji, ni mshonaji, ni mwandiko tu. Kubali. Mwandiko ni kitu kikubwa. Namba ukisikia irudie kwa sauti, hata ukifokewa, na usinifuate mimi katika kutoa uzi. Watakwambia hujasoma. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na inatosha kujua kwamba ishirini na nne ni kubwa kuliko ishirini na moja.

Barua niliiandika kwa mkono, nikaipeleka mwenyewe. Karani wa bodi hakutaka kuigongea muhuri. Nikamwambia nitakaa hapo kwenye benchi na mtoto anyonyee hapo mpaka muhuri upatikane. Ulipatikana. Nakala niliyobaki nayo inasema hivi:

*Kwa Mwenyekiti, Bodi ya Hospitali. Nakala: Profesa, mkuu wa timu ya wageni.*

*Mimi ni aliyekuwa mkimbiaji wa thieta na mshonaji wa hospitali hii. Naleta malalamiko rasmi.*

*Mgonjwa anayejulikana kama Mama Zuhura, wa Kiuu, Ruiru, aliwekewa vali ya milimita ishirini na nne katika tundu la ishirini na moja, kwa njia ya kushonea ndani ya mshipa, ingawa ya kumi na tisa ilikuwa kwenye mtungi. Vali iliyeyushwa kabla ya kupima, kwa mgonjwa mwingine. Nilikuwepo. Nilisema, nikaamriwa nifungue uzi, nikafungua. Kama kuna adhabu ya kufungua uzi, niko tayari.*

*Vali hiyo inavuja. Faili inasema anavuja kwa sababu ya ukaidi wake, na kwa sababu hiyo jina lake limekatwa kwenye orodha. Naambatisha kadi yake ya sindano, ambayo amenipa kwa hiari yake. Hesabuni mihuri. Naomba jina lirudishwe kabla timu haijafika, na neno ukaidi lifutwe.*

*Niliambiwa nibadilishe ishirini na moja iwe ishirini na sita. Nilikataa. Ukurasa halisi una doa la kahawia kwenye kona ya chini, lenye umbo la sikio. Mkiletewa ukurasa msafi, jueni si wenyewe.*

*Naambatisha pia mikono mitatu ya kitambaa. Wa kwanza ni mdogo kidogo kuliko tundu lake, umeshonewa ndani, kama ilivyotakiwa. Wa pili ni mkubwa, lakini umeshonwa na bomba lake zima. Wa tatu ni mkubwa, umeshonewa ndani. Huo ndio Mama Zuhura. Tafadhali mwageni maji kwenye yote mitatu, kila mjumbe ajionee.*

*Na mkiona ule wa tatu umekunjamana, msiupige pasi. Tumeshaupiga. Unarudi vile vile, mpaka mtu aufumue.*

*Ni mimi, Wairimu, mama Ciku, Makongeni, Thika.*